Kiti cha Jumamosi kwa Khadro

Bwenini, 4 Mei 2025

Senje wangu mpendwa,

Nakusalimu salamu nyingi kuliko maharagwe tunayolishwa huku, na hayo si machache. Goti laendeleaje? Kwaya je? Mimi nilifika salama katika shule hii mpya ya bweni, kikohozi kimepungua, na nimepewa kitanda cha juu karibu na dirisha lisilofunga. Baba na Mama niliwaacha Kware wakiwa wazima, Baba akiwa na zamu ya usiku kiwandani na hasira ya mchana nyumbani.

Sasa nisikilize. Chini ya kitanda cha chumba chako cha wageni, nyuma ya ndoo, kuna boksi la viatu. Halina viatu. Lina kadi zangu arobaini za Milki Saba, ule mchezo niliokueleza likizoni ukasema "mm" na kuendelea kuchambua mboga. Kila kadi ina mnyama au shamba, nawe unapeleka wanyama wako wapigane na wa mwenzako. Baba alipoziona alisema ni karata, tena za mashetani, na akiziona mara ya pili zitaingia jikoni kabla ya sufuria. Ndiyo maana nikazificha kwako Komarock. Wewe ndiwe dada yake wa pekee, na hakuna mwingine ambaye Baba anamwogopa.

Naomba mambo mawili. Zilinde kadi zangu zisipate maji, mafuta wala Baba. Hasa zile nane zinazong'aa, na hasa Ndovu wa Radi, maana nilibadilishana kadi mwaka mzima ndipo nikampata. La pili: kila Jumamosi saa nane tunacheza kwenye duka la vitambaa la Khadro kule Eastleigh, orofa ya pili. Kuna viti kumi na sita na kila kiti kina jina ubaoni. Ukikosa Jumamosi nne mfululizo, jina linafutwa, kiti kinapewa mwingine. Mashindano makubwa ni tarehe tisa Agosti, nikiwa likizoni, na nakitaka kiti changu siku hiyo kuliko ninavyotaka nyama. Khadro anaruhusu ndugu akukalie. Huhitaji kujua chochote. Kaa, shindwa kwa heshima, rudi nyumbani. Ila usibadilishane kadi na mtu siku ya kwanza, maana mgeni hunyonyolewa mpaka akabaki na mashamba matupu.

Nisingekusumbua kama ningekuwa mchezaji wa hivi hivi, lakini pale mimi ni mmoja wa wanaoogopwa.

Jibu kwa barua. Simu ya shule ina foleni, na matroni husimama hapo hapo akisikiliza. Bahasha huzifungua kutafuta pesa na laini za simu tu, hasomi.

Anayekutegemea,
Vivian Muhonja


Komarock, 18 Mei 2025
Kumb: TRU/KAR/1

Muhonja,

Salamu zimefika, na maharagwe nimeyaonea huruma. Goti ni lile lile, linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Kwaya wameshona sare mpya rangi ya nyanya na nimekataa kuivaa. Mama yako alipita hapa Jumatano, mzima kabisa. Hilo dirisha lizibe kwa gazeti.

Ama kuhusu ombi lako la pili, jibu ni hapana. Mimi Truphena, niliyekaa masijala ya baraza la jiji miaka thelathini na mmoja bila kupoteza faili hata moja, mimi ninayeongoza kwaya, nikakae Eastleigh nikicheza karata? Na watu wa kanisa wananunua vitambaa huko huko?

Nilikwenda jana kuona tu.

Nilijifunga leso mpaka kwenye nyusi. Khadro alinijua papo hapo, akasema nina pua yako, akanipa chai ya iliki na kunionyesha ubao wa majina. Niliusoma wote, juu mpaka chini. Halafu akaniketisha mbele ya kijana mrefu wa chuo anayeitwa Hirad.

"Niaje, mathe. Ushawahi cheza hii?"

"Kijana, mimi nimestaafu."

"Basi uko na time," akasema, akaanza kuchanga kadi.

Kila mmoja alipewa uhai ishirini na kadi saba mkononi. Kati ya zangu nikamwona simba mwenye mabawa, mnyama wa maana, nikamtoa mara moja. Hirad akamtazama simba, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Mathe, huyo hana msosi. Shamba lake liko wapi?" Nikamwambia huyu ni simba, halimi. Meza nzima ilicheka, na Khadro akalazimika kuweka kikombe chini. Nilishindwa kabla chai haijapoa.

Nieleze basi, simba anataka shamba la nini? Sirudi. Nauliza tu.

Kadi zako ziko salama. Nimezihifadhi kiofisi.

Senje Truphena


Bwenini, 1 Juni 2025

Senje,

Barua yako imekawia njiani kama iliyokuja kwa miguu. Sisi huku wazima. Mitihani ya katikati ya muhula imepita, na hesabu tusiizungumzie. Maurine anayelala kitanda cha chini yangu anakusalimu, anataka nimsomee barua zako kwa sauti kila zinapofika.

Shamba ndilo chakula. Kila zamu yako ikifika, vuta kadi moja, weka shamba moja mezani. Mnyama ana namba pembeni, na hiyo ndiyo idadi ya mashamba anayokula. Simba wako anakula sita, kwa hiyo ulimleta mgeni mnene nyumbani ambako hata maji hayajatekwa. Mwanzoni toa wadogo, wanaokula moja au mawili. Kitu kingine ambacho kila anayeanza husahau: mnyama akishashambulia, amechoka, hawezi kukulinda mpaka zamu yako irudi. Ukiwatuma wote kwa pamoja unabaki mlango wazi, na mnyama anayekufikia anakula uhai wako; ukiisha, umeshindwa. Basi, mengine yote ni kujua mwenzako anapenda kufanya nini.

Huku nimewafundisha Maurine na wasichana wengine wawili, kwa kadi tulizokata kwenye majalada ya madaftari. Matroni alitukuta, akaona fisi na namba pembeni, akatusifu kwa kujisomea bayolojia.

Na ule ubao usiutilie maanani sana. Khadro huandika anavyotaka.

Halafu Senje, "kiofisi" ndiyo nini? Kadi ziko ndani ya boksi au ziko wapi?

Muhonja wako


Komarock, 20 Juni 2025
Kumb: TRU/KAR/2

Muhonja mwanangu,

Usinung'unike kwa kuchelewa. Goti lilivimba, halafu kulikuwa na mazishi ya jirani, halafu kwaya waliniletea sare ya nyanya mpaka mlangoni. Nimeitandika kwenye kiti cha paka.

Nimeshinda. Jumamosi iliyopita, meza ya tatu, mbele ya mashahidi. Mapema niliweka mashamba yangu kimya kimya, nikatoa vinyama vidogo, wala sikuwatuma wote. Lakini siri haikuwa hapo. Masijala ilinifundisha jambo moja: mtu yeyote ukimfungulia faili, atakuambia mwenyewe atakachofanya kesho. Kwa hiyo kila mchezaji pale kwa Khadro nimemfungulia faili. Naandika alitoa nini, zamu ya ngapi, na alikuwa na uso gani. Yule msichana wa miwani hugusa sikio akiwa na mnyama mkubwa. Hirad hutoa chui zamu ya tatu kila mara, kama mtu anayelipia kodi ya nyumba. Wanadhani naandika mahubiri.

Sasa nikwambie cha kuchekesha. Jumapili baba yako, ndugu yangu Phares, alikuja bila kubisha. Zile kadi zako nane nilikuwa nimezitandaza mezani. Hakuzitambua. Akachukua moja, akaipinda, haikupindika. Akaigonga mezani, kwa, kwa. Akasema, "Afadhali siku hizi mnawatengenezea watoto wa Sunday school vifaa vya kudumu." Mimi sikusema uongo, Muhonja. Nilimwongezea chai. Alimsifu sana yule ndovu, akauliza kama ni wa safina.

Kwa hiyo Baba hazichomi tena. Shukuru.

Senje Truphena


Bwenini, 28 Juni 2025

Senje,

Hujambo. Goti. Kwaya. Sisi wazima.

Kadi ni karatasi. Karatasi hujipinda, na haigongi mezani ikalia kwa, kwa.

Umefanya nini?

Vivian Muhonja


Komarock, 5 Julai 2025

Muhonja mwanangu,

Salamu. Leo sikuweka namba ya kumbukumbu, uone mwenyewe hali niliyo nayo.

Zile nane nilizipiga laminesheni, zikafunikwa plastiki kwa moto. Nilifanya hivyo wiki ile ile barua yako ya kwanza ilipofika, kabla sijakwenda kwa Khadro. Uliniambia nizilinde zisipate maji wala mafuta, hasa zile nane. Cheti changu cha ubatizo kiko kwenye laminesheni, cha ndoa kiko kwenye laminesheni, barua ya kustaafu pia. Kitu cha maana katika nyumba hii hulindwa hivyo. Nilizipeleka kwa yule kijana wa kompyuta karibu na kituo, akazipitisha kwenye mashine, na nikamwomba azirudie mara mbili ziwe ngumu. Moto uliua mng'ao wote. Ndovu wa Radi amekuwa mweusi upande mmoja kama chapati iliyosahauliwa.

Sikujua kosa lenyewe mpaka nilipofika Eastleigh. Hirad alizitoa zote nane moja moja, akaziweka kando kwa upole sana, akasema, "Mathe, hizi haziwezi chezwa. Kila mtu ataziona kwa mgongo." Akanipa nane za bure alizokuwa hazitaki: mbuzi sita, siafu mmoja na nyuki mmoja. Nimecheza na hao tangu siku ile. Nilirudi nyumbani nikalia, nikaandika kwamba zimehifadhiwa kiofisi, kwa sababu niliogopa utanichukia. Nisamehe.

Nimemaliza yangu. Sasa tuje kwa yako.

Ubao wa Khadro niliusoma juu mpaka chini, nikakupata chini. Kumi na sita kati ya kumi na sita. Khadro ananiambia umeshinda mara moja tu tangu Januari, na huyo uliyemshinda aliitwa na mama yake kabla ya kumaliza. Hao wanaokuogopa ni kina nani? Nilijua siku ya kwanza na nimenyamaza wiki saba, kwa sababu nami nilikuwa na kadi nane za kunyamazia.

Leo jina lako ni la tano. Mbuzi ndio waliolifikisha huko, hakuna anayewadhania. Khadro anauliza nani atakaa tarehe tisa Agosti. Nimemwambia sijui. Nami sikudanganya, kwa sababu nakitaka kile kiti. Tangu nistaafu sijawahi kutaka kitu hivi.

Truphena


Bwenini, 13 Julai 2025

Senje,

Nakusalimu, na leo salamu zina kichwa chini.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu Maurine aliniuliza kama nimekasirikia ndovu au nimekasirikia ubao, nikachukua kalamu. Ndovu nimekusamehe. Tena ningekuwa na mahali pa kucheka ningecheka, wa safina.

Nilikudanganya kwa sababu wewe peke yako ulikuwa hujaniambia bado kwamba mimi simalizi kitu. Wengine wote wamesema. Netiboli niliacha, kinanda cha kanisa niliacha, skauti niliacha kabla ya kununuliwa skafu. Baba alisema mbele ya wajomba kwamba mimi hata uji sijawahi kuumaliza. Mchezo huu nashindwa kila Jumamosi na bado nimerudi kila Jumamosi, mwaka mzima, na hilo hakuna aliyeliona. Ningekuandikia kwamba mimi ni wa mwisho, ungesema niache.

Sasa wewe unaingia na mbuzi wako na kunipandisha mpaka wa tano, na ninaona wivu. Lakini kiti kina jina langu. Nataka kukikalia mwenyewe mpaka mchezo wa mwisho, hata nikishindwa yote. Tafadhali, Senje.

Na unitumie faili la Hirad.

Muhonja


Komarock, 21 Julai 2025
Kumb: TRU/KAR/3

Muhonja,

Salamu zako nimezisimamisha wima. Mama yako anakutumia sabuni na mafuta ya kujipaka, vitaletwa na kijana wa vifurushi. Sare ya nyanya bado iko kwa paka, wamependana.

Ningesema uache? Pengine. Ndiyo maana nimeisoma barua yako mara tatu.

Faili halitoki masijala. Ukitaka kulisoma, utafika hapa. Na kuhusu kiti, uamuzi ni huu. Shule zinafungwa tarehe moja. Utakuja Komarock moja kwa moja, baba yako nitamwambia nina kazi ya kuhamisha makabati. Tutacheza kila siku baada ya chakula cha mchana. Ukinishinda hata mara moja kabla ya tarehe tisa, unakaa wewe. Usiponishinda nakaa mimi, nawe utanibebea mkoba.

Usidhani damu itanilegeza. Nimeshakufungulia faili.

Truphena


Bwenini, 31 Agosti 2025

Senje,

Nimerudi salama. Dirisha limetengenezwa, sasa halifunguki. Maurine alikuwa amenisubiri langoni kusikia habari, nikamwambia yote, isipokuwa jambo moja ambalo nakuandikia wewe.

Kwanza la Baba, maana ulinifikisha mlangoni tu ukaondoka kwenda mazoezi ya kwaya. Jumapili ile baada ya mashindano nilirudi Kware nikamwambia mwenyewe, kabla hajaniuliza, kwamba kadi zile si za Sunday school na kwamba nilikuwa Eastleigh. Nikangoja kelele. Akakoroga chai yake.

"Umekuwa nambari ngapi?"

"Ya kumi."

"Kati ya wangapi?"

"Kumi na sita."

"Na ulipoona umeshindwa, ulitoka?"

"Nilikaa mpaka mwisho. Nilisaidia kupanga viti."

Akasema, "Afadhali," akanipa mandazi yake. Senje, nililia chooni.

Sasa hilo jingine. Siku saba ulinishinda michezo kumi na mmoja, na kila mara ulifunga faili kwa kishindo. Ijumaa alasiri nikakushinda wa kumi na mbili, nikaruka mpaka paka akakimbia na sare. Ulikwenda jikoni kuongeza chai. Nilipokusanya kadi zako nikamwona nyuki mkononi mwako. Ulikuwa na mashamba manne mezani, na nyuki yule anakula matatu. Mimi nilikuwa nimetuma wanyama wangu wote, mlango wazi, na uhai umebaki mmoja tu. Ungemtoa, ningekwisha pale pale.

Nilimchomeka katikati ya kadi, nikanyamaza, kwa sababu nilikitaka kiti. Jumamosi nzima nilikaa nikijua nimekipataje. Sasa niambie. Hukumwona, au uliniachia?

Muhonja


Komarock, 10 Septemba 2025
Kumb: TRU/KAR/4

Muhonja mwanangu,

Salamu kutoka kwa watu wote na kutoka kwa paka. Goti limetulia. Phares alikuja Jumapili, mara hii alibisha. Aliomba kumwona tena yule ndovu aliyeungua, akamshika kitambo, wala hakusema ni wa safina.

Nilimwona nyuki.

Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kumpendelea mtu yeyote, hata mchungaji alipotaka hati ya kiwanja ipite mbele ya wengine. Ijumaa ile nilimshika nyuki huyo, nikaliona akilini jina langu ubaoni, nikakitaka kile kiti. Kisha nikakutazama. Ulikuwa unahesabu mashamba kwa kidole, midomo inatikisika, siku ya saba, baada ya kupigwa mara kumi na moja na mwanamke wa miaka sitini na mbili. Hukuuliza hata mara moja tutamaliza saa ngapi. Nikaona nikikushinda mara hii nitakuwa nimeshinda mchezo, na tarehe tisa utanibebea mkoba ukitabasamu, na baba yako atakuwa amesema kweli kwa sababu yangu. Nikamrudisha nyuki. Sikwenda jikoni kuongeza chai. Nilikwenda kupiga sufuria na mwiko.

Usinishukuru. Nilijuta mpaka Jumatano.

Khadro amenipa kiti changu mwenyewe, aliyekuwa nacho amehamia Mombasa. Ameandika TRUPHENA kwa herufi kubwa. Kezia wa sauti ya kwanza, yule aliyechagua rangi ya nyanya, alikuja kununua kitambaa akanikuta nimemtoa siafu. Nilidhani kwaya imeniponyoka. Aliutazama mchezo mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa kunong'ona kama kuna nafasi.

Kwenye mashindano ya Desemba mimi na wewe tumepangwa meza moja. Faili lako limefika kurasa kumi na nne, na nyuki nimemweka juu.

Kiti chako nakikalia kama kawaida, Khadro ameniruhusu nicheze mara mbili, yangu na yako. Jina lako liko la kumi, pale pale ulipoliacha. Wiki mbili hizi ningeweza kulipandisha kwa urahisi, na mara moja ilibidi nishindwe kwa makusudi lisipande. Hiyo ni kazi yako. Mimi naishika tu.

Senje yako,
Truphena